Neno Nililomwambia Mdogo Wangu Siku ya Kilio

"Ni mapenzi ya Mungu, mdogo wangu. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Nilisema hayo asubuhi moja ya Julai 2019, nyumbani kwa mdogo wangu huko Bulengo, magharibi mwa Goma, nimemshika bega. Mtoto wake wa miaka 6 alikuwa amelazwa mkekani chumbani, amefunikwa kitenge cha mama yake, kile chenye ndege. Hakuwa na jeraha hata moja. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyesinzia baada ya kula. Mdogo wangu aligeuka akanitazama, akauliza kwa sauti ndogo, akiniita kama tunavyomwita dada mkubwa: "Yaya, mapenzi?" Kisha akauondoa mkono wangu begani, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetoa miiba iliyomnasa kwenye nguo. Tangu hapo alikaa miezi minane bila kusema nami.

Asiyeijua Goma inabidi nimweleze mazuku. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, chini ya Nyiragongo na Nyamulagira. Kwenye nyufa za mawe ya zamani, hasa huku Himbi, Lac Vert, Bulengo na Mugunga, hutoka hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa puani. Hiyo hewa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi wala harufu. Usiku usio na upepo hushuka na kujaa mashimoni, kama maji yanavyojaa beseni. Jua likipanda na upepo ukianza, hutawanyika, na mchana huohuo mtu anaweza kuketi palepale akala muhogo wake bila kudhurika. Wazee waliyaita mahali pa namna hiyo mazuku, na wanasayansi wanaokuja kuchunguza volkano zetu wamelichukua neno hilo wakaliandika vilevile katika vitabu vyao.

Mtoto wetu alitoka kabla ya jua kumtafuta mbuzi aliyekata kamba. Mbuzi alikuwa shimoni nyuma ya shamba, amelala ubavu. Mtoto akashuka kumwamsha. Jirani, kijana aliyekuwa akirudi kutoka ziwani na sambaza zake, wale samaki wadogo, aliona shati ya njano chini ya majani, akatupa ndoo, akabana pumzi, akaruka. Alimtoa. Yeye mwenyewe alitapika mpaka saa nne. Mtoto alikuwa amekwisha kwenda.

Si mimi peke yangu niliyelisema lile neno siku ile. Mchungaji alilisema, kwaya ikaliimba, mama wa jirani akaongeza kwamba Mungu huchuma maua mazuri kwanza. Lakini mimi ndiye dada, na mimi ndiye nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili miaka 11. Nilikuwa nimewafundisha mamia ya watoto, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, kwamba Mungu anajua yote, anaweza yote, na hakuna jani linaloanguka bila amri yake. Kwa hiyo neno halikuteleza. Lilitoka mahali nilipokuwa nimelilea kwa muda mrefu, na nililiamini.

Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Jumapili ikawa siku tupu. Katika katiye ya Virunga, mtaa ulio kama dakika 20 kwa miguu kutoka kwangu Majengo, anaishi Muzee mmoja, mchungaji mstaafu aliyefundisha shule ya Biblia kwa miaka mingi. Nyumba yake ni ya mbao, na uzio wake ni wa mawe ya lava ya Januari 17, 2002, iliyopita katikati ya mji na kulifunika hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Nje ya uzio ana benchi: ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili. Pale tukawa tunakutana kila Jumapili baada ya chakula, barakoa mdomoni, mmoja huku na mwingine kule: mimi, motari mmoja Mkatoliki anayebeba abiria kwa pikipiki, mama anayeuza makala, yaani mkaa, na fundi cherehani Mwislamu ambaye duka lake linatazamana na benchi. Hatukujiita kikundi. Mtu alikuwa anapita, anasalimu, anakaa.

Siku ya kwanza nilimweleza Muzee habari ya Bulengo. Nilidhani atanipa mstari wa Biblia. Akaniuliza: "Ulipomwambia mdogo wako ile maneno, ulikuwa unamsaidia nani?"

Nilirudi na jibu baada ya wiki nzima. Nilikuwa najisaidia mimi. Kimya cha chumba kile kilinitisha, na neno lile lilikuwa kama kitambaa cha kukifunika.

Akasema, "Vizuri. Basi sasa tunaweza kuongea juu ya Mungu."

Ndivyo alivyoanza kutusimulia habari za watu ambao sikuwa nimewasikia. Wa kwanza alikuwa Alfred North Whitehead, Mwingereza, mwalimu wa hesabu aliyeishi na namba mpaka uzeeni, kisha akaenda kufundisha falsafa Harvard mwaka 1924 akiwa na miaka 63. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1929. Humo anasema ulimwengu haukujengwa kwa vitu, umejengwa kwa matukio: kila kitu kinapokea yaliyotangulia, kinayajibu kwa namna yake, halafu kinajitoa kwa yanayofuata. Hata jiwe ni tukio lililokawia sana. Na Mungu hayuko nje ya mwendo huo akiuongoza kama dereva. Yuko ndani yake, anapokea kila kinachotokea, na kila mara anaita kuelekea lililo bora linalowezekana pale. Anaita tu. Halazimishi.

Motari alicheka kwa mshangao. "Muzee, mwendo? Basi huyo mzungu alikuwa motari."

Lakini Muzee alikuwa na jambo lingine. Aliokota kijiti akaandika kwenye vumbi neno moja: KUWA. Akauliza, "Kwa Kifaransa kuna neno la kuwa kama jiwe lilivyo, na neno lingine la kuwa kama mtoto anavyokuwa mtu mzima. Sisi tuna mangapi?" Tuna moja. Amekuwa mwalimu, atakuwa mzazi, kuwa mtu. Halafu akaongeza herufi mbili: KUWA NA. "Mzungu akitaka kusema ana mbuzi, anasema anamiliki mbuzi. Sisi tunasema tuko na mbuzi." Fundi aliacha cherehani yake akaja kutazama vumbini. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba mdogo wangu alipoulizwa na karani wa kata idadi ya watoto wake alijibu, "Siko tena na mtoto." Nilikuwa nimelisikia kama takwimu. Siku ile kwenye benchi nililisikia kama alivyolisema.

Sidai kwamba lugha yetu inathibitisha falsafa ya mtu yeyote. Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyekaa Katanga, alichapisha mwaka 1945 kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kitabu cha kusema kwamba kwa Wabantu kuwepo ni kuwa na nguvu ya uhai inayoongezeka au kupungua kwa mahusiano. Wasomi wa Kiafrika walimpinga kwa haki, maana alituweka wote kwenye kikapu kimoja kana kwamba hatufikiri mmoja mmoja. Lakini bibi yangu, ambaye hakusoma kitabu chochote, alimwita Mungu Nyamuhanga, na kuhanga ni kuumba, na alipomwona mjukuu mpya alisema Nyamuhanga ameamkia kazi. Kwake kazi ya kuumba haikuwa imeisha siku ya sita.

Neno lililotusumbua kuliko yote lilikuwa Mwenyezi. Ni mwenye enzi, mwenye utawala. Muzee alitueleza lalamiko la Whitehead, kwamba Kanisa lilimpa Mungu sifa zilizokuwa za Kaisari peke yake. Mama wa makala, ambaye husema mara chache, alisema: "Sisi huku tumewaona wenye enzi." Hakuongeza kitu, na hakuna aliyehitaji aongeze. Katika mji huu kila mtu mzima ameshakimbia mwenye enzi fulani angalau mara moja.

Fundi alituambia kuwa hata kwao watu hubishana juu ya kadari. Muzee alifurahi, akamtajia Muhammad Iqbal, mshairi wa Lahore, Mwislamu, aliyemsoma Whitehead na kuandika karibu mwaka 1930 kwamba wakati ujao haujachorwa tayari kama ramani, upo mbele ya Mungu kama uwezekano ulio wazi. Fundi alikaa na hilo majuma mawili. Aliporudi alisema bado anaamini kila kitu kimeandikwa, ila sasa anajiuliza kama kalamu imeshawekwa chini.

Nisiwafiche kwamba nilipambana na mambo haya. Nilibeba Biblia yangu pale kama mtu anayebeba ngao. Nilisoma Hesabu 23:19, kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute. Muzee alikubali, akanifungulia Mwanzo 6, Mungu anaghairi na kuhuzunika moyo. Akanifungulia Yona 3, Mungu anaghairi juu ya Ninawi. Mfalme Hezekia anaambiwa atakufa, analia ukutani, anaongezewa miaka 15. Na Yeremia 19:5, ambao ulinifunga mdomo: watu wanachoma watoto wao, na Mungu anasema hakuagiza jambo lile wala halikuingia moyoni mwake. "Unaona," alisema Muzee, "hapa kuna watoto waliokufa, na Mungu mwenyewe anasema si mimi."

Kisha akaniomba nisome Warumi 8:28 kwa Kifaransa, katika Biblia ya Segond. Nikasoma: mambo yote hushirikiana kwa mema ya wampendao Mungu. "Sasa soma ya Kiswahili, ile ya Union ya 1952." Nikasoma mstari ninaoujua kwa moyo tangu utotoni: *katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema*. Hufanya kazi pamoja na. Miaka 11 nimewakaririsha watoto maneno hayo huku nikiwafundisha kinyume chake.

Muzee hakutuficha kwamba wenye mawazo haya hawakubaliani. Kuna wale wa uwazi, Waprotestanti wa Marekani na Kanada kama Clark Pinnock na wenzake, ambao mwaka 1994 walitoa kitabu kilichozua ugomvi mkubwa makanisani kwao. Wanasema Mungu angeweza kutawala kila kitu, lakini kwa upendo ameamua kujizuia ili tuwe huru kweli. Kuna wale wa mwendo, waliomfuata Whitehead: Charles Hartshorne, aliyeishi miaka 103, na John Cobb, aliyezaliwa Japani kwa wazazi wamisionari na mwaka 1973 akaanzisha na David Griffin kituo cha masomo haya kule Claremont, California. Hao wanasema kulazimisha si silaha aliyoiweka kabatini. Hana silaha hiyo kabisa. Na yuko Thomas Jay Oord, mwanatheolojia wa Marekani. Kwake upendo ndio asili ya Mungu hasa, na upendo kwa asili yake hauwezi kumshika mtu wala kitu kwa nguvu, kwa hiyo Mungu hawezi.

Mimi nilipenda wale wa kwanza. Waliniachia Mungu wangu karibu mzima. Aliyenitoa hapo ni mdogo wangu.

Muzee alikuwa ameniambia mapema: "Usibebe vitabu vyangu Bulengo. Rafiki za Ayubu walifanya jambo moja jema katika kitabu kizima, walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno. Walipofungua mdomo ndipo walipoharibu. Na ile ya Bwana ametwaa, Ayubu aliisema mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna mgeni aliyekuja kumwambia." Basi nilikwenda Machi ileile, mikono mitupu. Nilimkuta anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilikaa, nikachukua fungu langu, nikachambua. Tulimaliza beseni zima. Nilipoinuka nikamwambia, "Nilikosea siku ile." Akasema, "Najua. Kuja tena."

Niliendelea kwenda. Ilikuwa Julai, mwaka umetimia, ndipo yeye mwenyewe aliponiuliza mnaongea nini kule kwa Muzee. Nikamweleza kwa ufupi, nikaanza na wale niliowapenda: kwamba Mungu angeweza kuzuia, ila amejizuia kwa ajili ya uhuru.

Alikuwa anaosha sahani. Hakuacha kuosha. "Kijana wa sambaza alimwona mtoto shimoni. Kama angesimama pale pembeni, akaangalia, akasema mimi naheshimu uhuru wa huyu mtoto, sisi tungemfanya nini?"

Sikujibu.

"Basi usiniletee Mungu ambaye kijana wa sambaza anamshinda kwa wema."

Nimesoma kidogo tangu hapo, na sijaona mahali hoja hiyo ilipoelezwa vizuri kuliko pale kwenye beseni la vyombo. Nikamweleza basi wale wengine, wanaosema hakuweza. Akauliza, "Na alikuwa wapi?" Nikasema alikuwa mle shimoni pamoja naye. "Akifanya nini mle?" Hapo nilinyamaza, na Jumapili nikalipeleka swali kwa Muzee.

Muzee alikaa muda. Alisema labda alikuwa akimwita mtoto ageuke, kwa kila njia ambayo mtoto wa miaka 6 mwenye mapenzi na mbuzi wake angeweza kusikia. Labda alikuwa akimharakisha kijana kutoka ziwani. Nilimpelekea mdogo wangu jibu hilo kama lilivyo. Akasema: "Basi alichelewa."

Nikarudi tena benchini, nimechoka kama mjumbe wa vita. Muzee aliposikia neno hilo machozi yalimtoka, akayaacha yashuke mpaka kwenye barakoa. "Mwambie ndiyo," alisema. "Alichelewa. Anategemea miguu ya watu, na miguu ilikuwa mbali."

Sijui mwanatheolojia yeyote angesemaje juu ya jibu hilo. Najua tu kwamba nilipolifikisha, mdogo wangu alilia nami kwa mara ya kwanza tangu kilio.

Jambo moja zaidi la Whitehead alilitaka mwenyewe. Nilimwambia kwamba mtu huyo alikuwa amepoteza mtoto, Eric, rubani wa vita, aliyeuawa mwaka 1918 akiwa na miaka 19. Na kwamba miaka 11 baadaye aliandika kuwa Mungu ni mteseka mwenzetu anayeelewa. Aliandika pia kwamba hakuna kilichoishi kinachopotea, kwamba kila kitu hupokelewa katika Mungu na kukaa humo kikiwa hai. "Kila kitu?" Kila kitu. "Hata chikudu?" Mtoto wetu hakuweza kusema *chukudu*, ile baiskeli yetu ya mbao inayobeba magunia ya viazi, alisema *chikudu*, na alikuwa akisimama barabarani akipiga kelele kila ilipopita. Nikamwambia, hata chikudu. Alitikisa kichwa polepole, akaomba nimrudie hilo siku nyingine tena.

Mama yetu hakukubali lolote katika haya, na hajakubali. "Mungu asiyeweza, nimwombe ya nini?" Nilimjibu kama nilivyofundishwa, kwamba kuomba ni kumpa Mungu kitu kipya cha kufanyia kazi, kwamba dua inabadilisha hali ya mambo kama vile mkono wa tatu unavyobadilisha uzito wa gunia. Akasema hayo ni maneno ya watu ambao hawajalala njaa. Sikubishana naye zaidi. Mama alivuka vita viwili na watoto wanne mgongoni na mkononi, akimshika Mungu Mwenyezi kama mtu anavyoshika kamba, na mimi siwezi kuikata kamba iliyonifikisha hapa.

Lakini Septemba ile Muzee aliomba kuliona shimo, na mama akaja nasi. Tulifika kabla ya jua. Muzee alikuwa amefunga mshumaa kwenye ncha ya mti mrefu. Aliuwasha, akaushusha polepole, sisi tumesimama juu pembeni. Mpaka usawa wa kifua cha mtu mzima mwali ulisimama vizuri. Chini kidogo ulirefuka, ukawa mwembamba. Ulipofika usawa wa kiuno changu, ulizimika ghafla. Na moshi wake haukupanda. Ulitandaa, ukalala juu ya kitu tusichokiona, kama shuka juu ya kitanda. Tuliiona basi ile hewa, uso wake, kimo chake. Mtu mzima angeweza kusimama mle akaongea, akashangaa kwa nini mtoto aliye kando yake ameketi.

Mdogo wangu alipima kwa macho kutoka kwenye moshi mpaka chini, akapima hewani kwa kiganja urefu wa mwanawe. Hakufika.

Mama hakusema kitu. Alivua kilemba chake chekundu, akakichana kwa meno vipande vipande, akatutuma tukate miti. Kabla ya saa tatu shimo lote lilikuwa limezungukwa na miti 14, kila mmoja na kitambaa chake. Nilimuuliza njiani kama bado anaamini kwamba Mungu angeweza kufanya hayo mwenyewe. Akajibu: "Anaweza. Amenituma mimi."

Mei 22, 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo ulipasuka. Anga lote lilikuwa jekundu. Lava ilishuka mpaka Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walikufa. Kesho yake shuhuda zilianza: Mungu ameusimamisha moto usiingie mjini. Nilimsikia jirani akilisema kwa furaha mbele ya mwanamke wa Buhene aliyekuwa amekuja na bidoni moja na watoto, nyumba yake imezikwa. Mwanamke yule alitazama chini. Niliona mkono ukitaka kuondolewa begani.

Ardhi iliendelea kutetemeka siku zote zile, na Mei 27 alfajiri katiye 10 kati ya 18 za mji zikaamriwa kuondoka, Majengo na Virunga zikiwemo. Barabara ya Sake ilijaa mpaka ukingoni: magodoro, mbuzi, wagonjwa kwenye chukudu. Tulimweka Muzee kwenye pikipiki ya motari, na sisi tukatembea na mama mpaka Bulengo. Usiku ule watu walilala popote, kwenye uwanja wa shule, chini ya migomba, kando ya mashamba.

Niliamka saa kumi na moja, mdogo wangu hayupo. Nilimkuta kwenye shimo. Vitambaa vingi vilikuwa vimepauka na kuanguka, na watoto wa wageni walikuwa wameanza kutawanyika kutafuta kuni za kupikia. Alikuwa amesimama pale tangu saa nane na tochi na fimbo, anazunguka, anaita kila aliyesogea. Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe upande wa pili, shuka mabegani, anaomba kwa sauti. Msichana mmoja mdogo, kikapu kichwani, aliuliza kuna nini humo chini.

"Hewa mbaya," mdogo wangu akamwambia. "Njoo, pitia huku. Nishike."

Nilichukua upande wa mashariki. Tulibaki hivyo watatu mpaka kama saa mbili na nusu, upepo wa ziwa ulipoanza na vile vitambaa vilivyobaki vikacheza. Muzee alikuwa ameamka na anauliza chai. Tukarudi kuwasha moto.